Baiskeli ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilikwenda Homa Bay kumzika mwalimu wangu wa darasa la tatu. Usinifikirie vibaya, rafiki yangu, lakini sikwenda kwa huzuni. Nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu kwamba ameingia kaburini.

Ngoja nikurudishe miaka ya sitini, kijijini kwetu nje ya Migori. Bibi alisaga wimbi kila asubuhi, na jiwe lilipoanza kusugua, naye alianza wimbo wa kwao ziwani, kwa sauti nzito iliyochanganyika na moshi wa kuni na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa na miaka tisa, na msichana hakuruhusiwa kugusa nyatiti, kinubi cha wanaume wa kwetu. Basi nikajiundia gitaa kwa debe la mafuta ya kupikia na kipande cha ubao. Nyuzi nilizipata kwa kufumua waya wa breki za baiskeli. Baiskeli ya mwalimu.

Ndiyo, niliiba. Jumamosi, maana alikuwa Msabato, alipokuwa akiteremka kwenda kanisani, breki zikakataa, akaishia katikati ya mtama wa jirani, yeye na suti na Biblia yake. Kijiji kizima kilicheka. Mimi nilicheka kupita wote, na ndivyo alivyonijua.

Jumatatu alinisimamisha mbele ya shule nzima, kwenye moto wa uji. "Umetengeneza shetani na mkono yako, choma na mkono yako," akasema. Nikalichoma gitaa langu. Nilikuwa nimejifunza nusu tu ya wimbo wa bibi. "Tengeneza ingine, nyathina, mtoto yangu, mimi niko," bibi alinibembeleza, lakini mvua za masika hazikumkuta.

Chuki ile niliilea vizuri. Nilikua nikawa mpiga gitaa, nikazunguka mabaa ya Awendo, kisha watu wa sinema wakaniita niwatungie muziki. Katika kila sinema, mtu mbaya alipokaribia, nilimpa kwa gitaa mlio wa pedali iliyolegea ya baiskeli ya mwalimu, ule tuliousikia kila asubuhi akija shuleni: kre, kre, kre, kimya kidogo, kisha kre. Muuaji, mwizi wa ng'ombe, chifu mla rushwa, wote niliwapandisha baiskeli ile, huku nikicheka peke yangu studioni.

Basi mwezi uliopita, pale matangani Homa Bay, wakaniomba nipige chochote. Nikaona siku yangu imefika. Nikapiga ile ya muuaji, taratibu, mbele ya jeneza, nikimtazama mjane na kungoja aone aibu.

"Yawa! Si ni yeye huyo anateremka?" akasema, akiwashika wanawe mikono. "Hiyo pedali nilimwambia miaka yote atengeneze. Piga tena, nyathina."

Nikapiga mara nne. Walilia na kucheka, na wajukuu ambao hawakuwahi kuiona baiskeli ile wakawa wanageuka kutazama njiani.

Sijamsamehe, nakwambia wazi. Siku hizi wimbi linasagwa kwa mashine, jiwe la bibi sijui liko wapi, na walioujua wimbo wake wamekwisha wote. Niliporudi kwangu nilichukua gitaa nikauanza. Nilipofika pale uliponikatikia, vidole vikaendelea vyenyewe: kre, kre, kre.