Siku Tuliyohamia Nyumba ya Chokaa

Jana nilipita mbele ya nyumba iliyotoka kupakwa chokaa, na harufu yake ikanirudisha kwenye siku tuliyohama, kule Malindi, nikiwa darasa la kwanza.

Vyombo vyetu vilipakiwa kwenye mkokoteni. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, aliwekwa juu ya godoro kama bwana harusi, na mama akamshika mguu njia nzima asianguke. Mimi nilitembea nyuma juani, nimebeba kioo cha taa kilichofungwa kwenye leso. Kila jirani aliyetoka mlangoni alimpungia yeye mkono.

"Na mimi nimechoka, mama," nilisema.

"Wewe ushakuwa mkubwa, mwanangu. Angalia kioo hicho kisivunjike."

Tulipofika, mama alimketisha mtoto sakafuni akatoka kupokea vitanda. Tulibaki wawili katika chumba kitupu, cheupe. Aliniangalia akacheka. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote.

Alipiga ukelele, mama akaja mbio kumwinua. Lakini mtoto alijinyonganyonga mikononi mwake, akaninyooshea mimi mikono huku akilia.

"Haya, mchukue, anakutaka wewe," mama alisema.

Nilimpokea. Akaulaza uso wake uliolowa shingoni mwangu, akanyamaza. Mama aliliona lile doa jekundu pajani, akalipuliza.

"Maskini, siafu washamuuma," alisema. "Mshike vivyo hivyo, asishuke chini."

Nikamshika mpaka mikono ikafa ganzi.