Majani Mlangoni kwa Verlin

Verlin Haugstad alikuwa amechoka. Si uchovu ule unaoisha ukilala. Huu wake ulikuwa na umri. Miaka arobaini na mitatu alikuwa akikereza mitutu ya bunduki za masafa marefu, katika karakana nyuma ya nyumba yake, kwenye bonde la Montana ambako watu huhesabu mwaka kwa misimu ya kuwinda. Sasa ilibaki bunduki moja tu mezani, ya mteja wake Lorna Teague.

Kwa Lorna hili halikuwa jambo la mchezo. Kibali cha kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, hupatikana kwa kura, naye aliomba miaka kumi na tisa akiambulia patupu. Mwaka huu kura ikamwangukia. Msimu ungefunguliwa baada ya wiki tatu, na magoti yake yasingengoja miaka mingine kumi na tisa.

Mtutu wenyewe haukumsumbua Verlin. Alichonga chemba, tundu la kukalia risasi, kidogo kidogo, akichomoa kikatio, akifuta vipande vya chuma, akitia mafuta, akirudisha tena. Macho yalipokataa, vidole vilijua. Alipofunga komeo la bunduki juu ya kipimo cha chuma alichokitia ndani ya chemba, lilifunga kwa ulaini ule alioutafuta tangu ujana. Alijipongeza kwa kahawa iliyopoa.

Risasi ndizo zilizomshinda. Kujaza risasi kwa mkono kuna sheria moja ambayo hata mlevi huishika: mezani kopo la baruti ni moja tu. Asubuhi ile alijaza risasi hamsini, kila moja kwa mizani, kisha akainua uso akaona makopo mawili, yote wazi. Alijaza kutoka lipi? Hakujua. Baruti iwakayo haraka ikikaa mahali pa ile iwakayo taratibu, bunduki hupasuka shavuni kwa mtu.

Akakaa kuzifungua moja moja, akamwaga baruti kwenye bakuli, akatoka kuitupa kwenye nyasi za mlangoni kama wafanyavyo wote wa kazi hii, maana ni mbolea nzuri. Bakuli likiwa bado mkononi, gari la Lorna likaingia uani.

"Mzee Verlin! Bunduki yangu iko wapi? Au umeiuza ukanunua meno mapya?"

"Meno yangu yanakuhusu nini wewe? Iko tayari. Ingia."

Hakuingia. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Julai, na ua wa kila mtu bondeni ulikuwa na rangi ya mkate uliokauka. Lakini mlangoni kwa Verlin majani yalikuwa mabichi, yamefika vifundoni, yamesambaa hadi kwenye uzio. Lorna alianza kujaza risasi na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili. Akatazama majani, akatazama bakuli.

"Mzee, ni mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Usinifanye mtoto. Majani haya hayakunywa bakuli moja."

Angeweza kusema leo ndiyo mara ya kwanza, na Lorna, kwa heshima, angejifanya ameamini. Kisha angepanda mlimani na risasi alizojaza Verlin, aweke shavu kwenye bunduki. Verlin aliona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na woga mtupu.

"Saba, tangu Mei," alisema. "Saba ninazozijua."

Lorna hakumwambia pole. Aliingia karakanani, akafunga makopo yote mawili akayaweka kando, akavaa aproni ya mzee bila kuomba.

"Mtutu nitauamini, umeupima chuma kwa chuma. Risasi nitajaza mwenyewe. Wewe kaa kwenye kiti cha wateja unikosoe, kwa kukosoa hujazeeka." Akachukua rafuni kopo jipya, halijafunguliwa, akampa. "Nisomee jina kwanza, tusije tukafanya ya nane."

Verlin alilipeleka dirishani, akalisogeza puani, akaliweka mbali tena. Mwaka mzima alikuwa akiyajua makopo kwa mahali yalipokaa rafuni tu.

"Sioni, mwanangu," alisema, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja.