Dazeni ya Mipira Yenye Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki katika stoo ya uwanja mmoja wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, nikawekewa mbele yangu masanduku ya mipira mipya ya besiboli, myeupe pepepe, na kopo la tope. Msimamizi wa vifaa akaniambia niipake yote tope kabla ya saa saba mchana. Nikaiangalia mipira, nikamwangalia yeye. Nilikuwa na miezi michache tu Marekani, nimetoka Uvira kupitia kambi ya wakimbizi, na nilikuwa nimeonywa kwamba huku mtu anaweza kufukuzwa siku ileile aliyoajiriwa. Nikaona huu ni mtego. Nani anamwajiri mtu achafue vitu vipya?

"Unaogopa nini?" msimamizi akaniuliza. "Hii ndiyo kazi yenyewe."

Kweli ndiyo ilikuwa kazi, na niliifanya mpaka nikastaafu. Ninaieleza kwa ajili yenu vijana wa Brooklyn Center na New Hope, hapa kando ya Minneapolis, mnaokwenda uwanjani kula soseji na kupiga picha, mkidhani mpira unatoka dukani na kuingia moja kwa moja mkononi mwa mrushaji. Mpira mpya una ung'avu wa kiwandani, na unateleza. Mrushaji anautupa kwa kasi ya gari la barabara kuu, na mpigaji amesimama mbele yake na gongo lake. Mpira ukimponyoka mrushaji, unaweza kumpiga mpigaji kichwani. Kofia ngumu husaidia, lakini si kila mara. Kwa hiyo kabla ya mchezo lazima mtu akae chini, achovye kidole kwenye tope maalumu lililochimbwa kando ya mto huko mashariki ya nchi, aongeze matone ya maji, na kuuzungusha kila mpira kati ya viganja mpaka ung'avu utoke. Tope likizidi, mpigaji hauoni mpira. Likipungua, mpira unateleza.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, kwa hiyo mnaweza kukisia nilivyoishi na kazi hiyo. Kila mpigaji alipoanguka chini kuukwepa mpira, nilisimama mpaka ainuke. Nilikuwa najiuliza: ule niliupaka vizuri? Wenzangu walinicheka. Wakubwa walinipenda kwa sababu hiyohiyo, na baada ya misimu kadhaa wakanihamishia uwanja mkubwa wa Minneapolis, kwenye ligi ya juu.

Huko nilikuwa chini ya mkuu wa chumba cha waamuzi, yaani mtu anayewahudumia waamuzi na vifaa vyao. Alikuwa mwenyeji wa hapahapa Minnesota, mrefu, mpole wa maneno, ambaye hasira yake yote iliishia kwenye "Sawa basi." Alinipa sheria moja: osha mikono kwa sabuni ya vyombo, kausha, ndipo uguse mpira.

"Mwamuzi anakagua, lakini ana haraka," aliniambia. "Anayejua hali ya mpira ni wewe."

Sasa, sheria hiyo ilinitesa. Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kujipaka mafuta. Ngozi iliyopauka ni aibu kwa mwenye ngozi na kwa mke wake pia. Siku za mchezo nilitoka mikono mikavu, na mke wangu alilalamika mbele ya kanisa zima kwamba ninamtia haya. Ukiongeza maji, tope na baridi ya majira ya kuchipua ya huku, vidole vilipasuka mpaka vikatoa damu.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mchana, baridi, na mvua ya rasharasha. Mchezo una zamu tisa. Kwenye zamu ya sita, nikiwa nimemaliza kazi yangu, nilikwenda zahanati ya uwanja kutafuta plasta. Nesi wa pale alikuwa Sista Kerubo, Mkenya tuliyesali naye.

"Woi, mzee! Hizo vidole zimepasuka vibaya," akasema. "Si ujipake kitu? Hii weather itakumaliza."

Akanipa mafuta ya mgando, nami nikajipaka kwa raha, viganja, vidole na katikati ya vidole. Sikuwa nimefika mlangoni pale mkuu wa chumba cha waamuzi alipotokea mbio. Mipira iliyolowa ilikuwa inatupwa, akiba inakwisha. Alitaka dazeni moja sasa hivi. Nikakaa, nikasugua mipira kumi na miwili, nikaikabidhi. Sikunawa. Miaka yote ile ya wasiwasi, na siku hiyo sikukumbuka kunawa.

Nilijua pale kikombe cha chai kiliponiponyoka. Nikaangalia viganja vyangu, vinang'aa. Nikainua macho kwenye televisheni ya chumba cha waamuzi. Ilikuwa zamu ya nane, na mrushaji wetu alikuwa hajaruhusu pigo halali hata moja tangu mwanzo. Kumaliza zamu tisa hivyo ni jambo ambalo warushaji wengi wazuri hustaafu bila kulipata. Na kuna mwiko: likiwa linaendelea, hakuna anayelitaja. Wenzake hawaketi karibu naye wala hawamsemeshi. Watu wote uwanjani walikuwa wamesimama.

Akarusha. Mpira ukapaa ukapita chini ya kidevu cha mpigaji, ambaye alianguka chali kwenye matope. Mtangazaji akasema mrushaji amechoka. Nikakimbia.

Nilimkuta mkuu wangu kwenye mlango wa kutokea uwanjani. Nikamwambia kila kitu. Aliziba mdomo kwa mkono.

"Unajua kinachoendelea huko?" akaninong'oneza. Hata yeye hakulitaja. "Wamebaki wapigaji watano tu wa kutolewa. Ukienda sasa utaharibu."

"Na akipigwa mtu?"

"Ngoja zamu iishe."

"Mkuu, akipigwa mtu kichwani?"

Akageuka kutazama uwanja. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria mke wangu, halafu nikamwona mpigaji akijipangusa matope na kurudi mahali pake. Nikatoka.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mwamuzi mkuu alivua kinyago chake.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Mipira," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Mipira ni mibaya."

Akatoa mmoja kwenye mfuko wake, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa. Akamwaga yote. Nikakimbia kunawa, mara tatu, nikapaka mipira mingine na uwanja mzima unaningoja. Mrushaji alisimama muda wote huo kwenye rasharasha, koti begani, akinitazama.

Mchezo uliporudi alirusha mara mbili. Wa pili ulipigwa, pigo safi, ukapita katikati ya wachezaji wawili. Basi. Watu wakaguna, halafu wakazomea, na hawakuwa wanamzomea mpigaji.

Nyumbani sikugusa ugali. Mke wangu akanitazama.

"Papa Neema, haukuli? Bamekufukuza ku kazi?"

"Bado."

"Basi kula. Utahuzunika kama umeshiba."

Jumapili, nje ya kanisa, watu walimlaani yule mjinga aliyesimamisha mchezo, bila kujua ni mimi. Nami nikatikisa kichwa pamoja nao, Mungu anisamehe.

Sikufukuzwa. Mwamuzi mkuu alisema nilifanya lililopasa. Mkuu wangu akanipa karatasi ya onyo, akasema, "Sawa basi, kesho uje mapema," na kuhusu yale maneno ya mlangoni hatukuzungumza tena. Ila mimi sikupona. Yule mrushaji hakuwahi kuikaribia tena siku kama ile. Kila msimu nilimtazama nikiomba aipate, anitue mzigo, na kila msimu haikuja. Pengine mipira iliyosalia isingemdhuru mtu. Pengine nilimnyang'anya mtu siku yake kubwa kwa ajili ya woga wangu tu. Mkitaka kujua kazi ni nini, ninyi mnaoogesha wagonjwa na kupima dawa kwenye hospitali za Coon Rapids, ni hiyo: unazuia jambo, halitokei, na hakuna atakayekuthibitishia kwamba lingetokea.

Nilistaafu vidole vilipokakamaa. Binti yangu alinipeleka kwa gari siku ya kuagwa, tukala keki katika chumba cha waamuzi. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mrushaji. Alikuwa ameshaacha kucheza, ana mvi, anafundisha vijana. Nikatamani kujificha chooni. Akaomba tuongee pembeni.

"Nilijua," akasema. "Tangu mpira wa kwanza wa mfuko ule nilisikia mafuta. Yule mpigaji alipoanguka, nilijua ni kwa nini."

"Mbona hukumwambia mwamuzi?"

"Niliitaka mno siku ile. Nilikuona unakuja, nikakuchukia kuliko mtu yeyote duniani."

Nikamwuliza swali ambalo sikujua kama nilitaka jibu lake. "Nisingekuja, ungeendelea kurusha?"

Alikuwa na nafasi ya kunidanganya, na mimi ningemwamini. Alinishika vidole vyangu hivi vilivyopinda, akavishika muda mrefu.

"Ningeendelea," akasema.