Ndizi ya Kunusa

Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu yeyote, Mama Odeta huchagua ndizi mbivu iliyo nzuri kuliko zote mezani pake, huinusa akiwa amefumba macho, kisha huirudisha. Ndipo hufungua kibakuli chake na kula kipande cha nanasi.

Nilipanga chumba nyumbani kwake, mtaani Kirumba, mwaka 1995, nilipoanza kufundisha, na Jumamosi nilikuwa nikimsaidia sokoni. Figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari alimweleza kwamba ndizi ina potasiamu nyingi, na figo zake haziwezi tena kuitoa mwilini. Ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama. Machungwa na parachichi vilikatazwa pia. Aliruhusiwa nanasi kidogo, au matufaa, yale yaliyoanza kuletwa kutoka Afrika Kusini biashara ilipofunguliwa. Hayo aliyaonja mara moja akasema ni kama kutafuna maji.

"Mhaya asiyekula ndizi!" Ngosha, muuza nyanya wa meza ya pili, alimtania. "Mama, hamia kwetu kwenye ugali."

"Ugali wako ule wa mawe? Afadhali njaa."

Kisha siku moja kaka yake, mzee Rweyemamu, akaja kwa meli kutoka Bukoba. Alibeba mkungu wa ndizi mbivu, wa kutoka kibanja cha wazazi wao, shamba la migomba ambako wazazi hao wamezikwa. Kwa Wahaya, kukataa ndizi za kibanja hicho ni kama kuwapa marehemu kisogo.

"Huu umeota karibu na kaburi la mama," alisema tulipokaa sebuleni, akamkabidhi ndizi moja. "Kula."

"Kaka, nilikwambia maneno ya daktari."

"Tangu lini ndizi ikamuua Mhaya? Moja tu, Odeta. Ya mama."

Mama Odeta alimenya ile ndizi taratibu, akaiinua hadi puani, akafumba macho. Nilidhani ataila.

Akaikata kipande kwa vidole, akamsogelea kaka yake.

"Fungua mdomo," alisema. "Mama akitulisha, alikuwa anaanza na wewe."

Yule mzee mwenye mvi alifungua mdomo kama mtoto. Alilishwa kipande baada ya kipande hadi ndizi ikaisha, machozi yakimshuka. Mama Odeta akanawa mikono, akakaa, akala nanasi lake.

Nimesoma vitabu vingi, lakini nguvu ya namna ile nilikuwa sijaiona kwa macho.

Kesho yake sokoni, alipoinusa ndizi kama kawaida, nikajikaza.

"Mama, kwa nini unainusa, na huwezi kuila?"

"Naipenda, mwalimu," alisema. "Daktari alinikataza kula tu."