Dereva wa Lami Aliyemfikisha Mkwewe Yiti

Saa moja asubuhi, nje ya soko la Mutrah, Muscat, Amur bin Sleyum anawasomea abiria wake sheria. Gari hajaliwasha bado. Amesimama mlangoni, kanzu ameikunja mpaka magotini, na kidole amekielekeza kwenye mkono mfupi wa gia wenye kichwa chekundu.

"Mnauona huu? Haushikwi. Ukitaka kushuka, shika mlango. Ukitaka kuanguka, anguka tu. Lakini huu haushikwi."

Abiria wa leo ni wanawake wawili wenye magunia ya unga, mvuvi mmoja wa Qantab na beberu. Wote wanaitikia kwa adabu, isipokuwa beberu. Kiti cha mbele kimeshakaliwa na Bi Masouda, mama mkwe wa Amur, na mkono wake umetulia juu ya kile kichwa chekundu kama mtu aliyeshika bakora yake mwenyewe.

"Na yeye je?" anauliza mvuvi.

"Yeye ana ruhusa," anajibu Amur, na anapanda kuwasha gari haraka haraka kabla ya swali la pili.

Hii ndiyo kazi ya Amur, mwenye umri wa miaka arubaini na mitatu. Mara tatu kwa wiki huchukua watu na mizigo kutoka Mutrah hadi kijiji cha Yiti, ng'ambo ya milima, kwa Landrova fupi kuukuu ambayo mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. Kwa punda safari hiyo hula siku nzima. Kwa Amur ni saa tatu, wadi, ule mto wa njiani, ikiwa na hisani. Lami ya mji huu huisha mapema sana, na baada ya hapo ni changarawe, mawe na mchanga wa mto mkavu, ambao huwa mkavu mpaka siku unayoamua kupita.

Ukimwona leo anavyozunguka majabali huku akitafuna tende, huwezi kuamini kwamba miezi mitatu iliyopita, katika mwaka huu wa 1970, hakuwa amewahi kukanyaga mchanga kwa gurudumu.

Unguja, Amur alikuwa dereva wa daktari. Kwa miaka kumi na minane aliendesha gari dogo jeusi kutoka Mkunazini hadi Bububu na kurudi, wala hakulikwaruza hata siku moja. Mwaka 1964 aliondoka na mkewe, Shaikha, na mama wa mkewe. Walikaa Dubai, akiosha magari ya watu, mpaka mwaka huu milango ya Muscat ilipofunguka kwa wanaorudi, nao wakashuka forodhani Mutrah na masanduku yao.

Bi Masouda hakuja mgeni. Alizaliwa Yiti. Aliolewa akiwa msichana mdogo, akapelekwa Unguja, akamwacha dada yake Bakhita amesimama ufukweni. Tangu hapo walipelekeana salamu kwa midomo ya watu tu. Alipofika Mutrah alitaka kitu kimoja, kupelekwa kwa dada yake. Kupanda punda hawezi, magoti yake yamekataa.

"Nikamwambia, mama, n'takupeleka miye kwa gari," anasimulia Amur. "Akanitazama hivi, juu mpaka chini. Akasema, 'Weye? Weye dereva wa lami.'"

Jina hilo lilimkaa rohoni. Akatoka kutafuta gari.

Kule Darsait, nyuma ya karakana, alimkuta Aflah, muuzaji aliyekulia Pemba na mwenye adabu za kizamani. Uani palikuwa na magari matatu yaliyotumika. La kwanza lilikuwa Landrova refu lililopakwa rangi mpya, lenye pazia madirishani. La pili lilikuwa jipi dogo zuri, ambalo gia yake ya pili ilikuwa ikiruka yenyewe. La tatu ndilo hili la kamba.

Amur alikagua kama alivyozoea kukagua Unguja. Alipiga honi. Akafungua na kufunga milango akisikiliza mlio. Akajitazama kwenye kioo. Chini ya gari hakuinama hata kidogo, maana kanzu ilikuwa nyeupe. Akalipenda lile refu, na Shaikha ndiye aliyemzindua.

"Hili utaligeuzia wapi?" aliuliza Shaikha. "Kichochoro chetu, wenyewe tunapita upande upande."

Bi Masouda naye alikuwa na ukaguzi wake. Alipanda kila gari, akaketi, akatulia. Refu lilimtoa jasho. Jipi lilimkataa mlangoni. Fupi lilimpokea vizuri, naye akatangaza kwamba hilo ndilo.

Aflah akatoa sharti la kiungwana: wende nalo Yiti, likirudi salama ndipo wazungumze, likishindwa, wamrudishie kabla ya magharibi. Kisha akaanza kueleza, "Sasa, gari hii ina mikono mitatu ya gia. Huu mrefu unaujua. Huu wa njano na huu mwekundu..."

"Yakhe," Amur alimkata, "miaka kumi na minane nimeshika usukani. Leo unanifundisha gia?"

Aflah akamimina kahawa. Mtu mwenye adabu hamfundishi mgeni kwa nguvu.

Wakatoka siku ya Alkhamisi, Amur, Shaikha, Bi Masouda na Bakhit, mvuvi wa Yiti aliyeomba lifti na kulipa kwa kuonyesha njia. Bi Masouda alikuwa amepakata sinia la halua iliyofungwa kwa kitambaa. Kwenye lami Amur aliimba. Kwenye changarawe aliacha kuimba. Walipofika pale wadi inapopanuka na mchanga kuwa laini, gari lilikohoa, likakaa.

Amur akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakachimba, gari likazidi kuzama. Bakhit na Shaikha wakashuka kusukuma, halikusogea. Saa ilikwenda. Amur alifikiria magharibi, akafikiria Aflah, akafikiria jina lake likienea Mutrah nzima.

Mwisho Bi Masouda akasema atashuka na yeye. Akamkabidhi Shaikha sinia, akatafuta pa kushika, akaukamata ule mkono mwekundu, akajivuta kwa nguvu zake zote, "Ya Rabbi!", akainuka, akashuka.

Amur akawasha gari, akaachia klachi taratibu. Landrova ikatoka mchangani polepole, bila kelele, kama mbuzi anayepanda ngazi.

Kisha Bakhit, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema kwa furaha, "Alhamdulillahi! Kumbe ulikuwa uzito tu!"

Na Amur akacheka.

"Nilijuta kicheko kile kabla hakijesha," anasema sasa.

Bi Masouda alikwenda akakaa juu ya jabali, akawapa mgongo, akafungua mwavuli.

"Rudini mjini," alisema. "Kawaambieni watu kuwa Masouda kaelemea gari ya watu. Sipandi tena. Na dada'ngu mwambieni tuonane akhera."

Shaikha alimbembeleza mama yake, kisha akaja kumtazama mumewe kwa jicho ambalo Amur anasema hawezi kulieleza gazetini. Yiti ilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu. Mama wa watu alikuwa amengoja umri mzima, sasa anarudishwa na kicheko cha mkwewe. Amur aliona haya mpaka masikio yakamuwasha.

Akarudi kwenye usukani apate kufikiri. Hapo ndipo macho yake yalipoanguka kwenye ile mikono ya gia. Asubuhi mwekundu ulikuwa umeinama mbele. Sasa umelala nyuma.

Akausukuma mbele kama ulivyokuwa, akarudisha gari mchangani. Likakwama. Akauvuta nyuma. Likatoka. Akarudia, na mambo yakawa yale yale. Ulikuwa mkono wa gia nzito, ile inayoyafanya magurudumu yote manne yavute pamoja. Tangu asubuhi dereva wa daktari alikuwa akivuka wadi kwa magurudumu mawili, na dawa iko kando ya goti lake.

Akashuka, akaenda mpaka kwenye jabali.

"Mama, panda. Narudi kule kule mchangani na wewe ndani."

"Na likikwama?"

"Likikwama n'takubeba mgongoni mpaka Yiti."

"Utanibeba weye?" Bi Masouda akageuza mwavuli. "Gari imeshindwa, utaweza weye?"

Lakini akapanda. Amur akaliingiza gari mchangani, palipochimbika zaidi, akalisimamisha, akauvuta ule mkono. Landrova ikatoka na Bi Masouda ndani, sinia mapajani. Amur akamweleza kwamba ni yeye aliyeuvuta mara ya kwanza.

"N'najua," alisema Bi Masouda, ambaye hakuwa anajua. "Tena."

Wakarudia. Mara ya tatu Bakhit alisimamishwa kando ya wadi na kutakiwa aseme kwa sauti, milima isikie, kwamba haukuwa uzito. Akasema, na akaapa juu yake.

Yiti walimkuta Bi Bakhita uani, amekonda, macho hayaoni vizuri. Wakamwambia ni nani huyu. Akampapasa ndugu yake uso, mabega, mikono, akampapasa kiuno. Kisha akasema kwa Kiarabu, na watu wote wakasikia, "Masouda, umenenepa!"

Amur alifumba macho. Lakini Bi Masouda alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakuweza kuacha, wala dada yake hakuweza, na halua ililiwa na watu wengine.

Gari lilirudi Darsait jua likiwa bado juu. Amur alikaa mbele ya Aflah, akanywa kahawa, akasema, "Sasa nifundishe gia." Akafundishwa zote, na gari akalinunua.

Siku hizi vijana wanaotaka gari la wadi humfuata kwa ushauri. Huwaambia wasitazame rangi, wavue kanzu walale chini watazame chasi, maana gari la pwani huliwa na chumvi kwa chini. Wachukue fupi na jepesi. Wajaribu kila mkono wa gia mbele ya muuzaji, bila kuona haya.

Sasa kuna maneno kwamba serikali itatia lami njia zote, hata ya Yiti. Zamani Amur angesali rakaa mbili za shukrani. Leo jambo hilo linamnyima raha. Mpango wake ni kununua gari la pili, amfundishe Shaikha, wapate kufika mbali zaidi ya Yiti kabla lami haijawawahi.

"Ikija lami kila mtu ataendesha," anasema baada ya kufika Yiti, akisubiri beberu ateremshwe. "Nani atanitaka tena miye?"

Bi Masouda anashuka mlangoni taratibu, ameshika kamba. Dada yake anamsubiri kizingitini.

"Miye," anasema bila kugeuka. "Ulinileta hapa hakuna njia. Ikija njia, nipande gari ya nani mwengine?"