Karibuni, Majivuni

Juzi huko Gisozi nilimwona fundi wa vitanda ameketi peke yake kwenye majivu ya karakana yake. Harufu ya moshi uliolowa maji ilinirudisha utotoni, kwenye mchana ule nilipompelekea mama chakula sokoni.

Soko lilikuwa limeungua. Vitenge vyote vya mama vilikuwa tope jeusi, na mabati yalikuwa bado yakilia kwa joto. Lakini mama alikuwa palepale pake, juu ya jiwe, kilemba amekifunga vizuri, akiwaita wapita njia: "Karibuni!" Mbele yake hapakuwa na kitu. Nilidhani ameshikwa na wazimu, na kwamba watampeleka Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Mama, twende nyumbani," nikamwambia huku nikilia.

"Hapana. Hapa iko pahali yangu. Nikitoka leo, kesho atakaa mwingine."

Jioni muuza vitenge wa upande uliopona alikuja na vitenge vitatu, akavitandaza mbele ya mama. "Anza na hivi," akasema.

Nilimsogelea yule fundi. "Kitanda ni bei gani?"

Akajipangusa majivu magotini, akasimama.

"Cha mtu mmoja ama wawili, mama?"