Picha Iliyong'aa Kuliko Mkufu

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku mama mkwe wangu alipoitazama kazi ya mikono yake mwenyewe asiitambue. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeolewa Kisongo mwaka uleule. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Yeyo, alitunga shanga tangu usichana wake. Mimi nilikuwa na simu ya kupangusa, ya kwanza pale nyumbani. Tukagawana kazi: yeye atunge, mimi nipige picha na kutafuta wateja. Basi nikajiona mtaalamu. Nilitandaza kitambaa cha satini kwenye meza ya sebuleni, nikapanga maua ya plastiki, nikaweka mkufu wake mmoja, nikawasha taa, nikapiga. Kisha nikakoleza rangi kwenye simu mpaka mkufu ukawaka. Yale maua hayakuwa na kazi yoyote.

Binti mmoja wa Singida akauona mkufu ule mtandaoni, akauagiza kwa ajili ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Aliniambia nguo yake ni nyekundu, na kweli kwenye picha mkufu ulikuwa mwekundu. Shanga zenyewe zilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu nzito inayokaribia kahawia. Hilo nililijua. Nikajisemea tofauti ni ndogo, nikaufunga na kuupeleka stendi.

Jumanne akapiga simu. Sendofu ilikuwa Jumamosi.

"Dada, huu siyo ule wa kwenye picha," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Hauendani na nguo kabisa. Sasa nitavaa nini mimi?"

Nikaenda kwa Yeyo nikijitetea kwamba wateja wa siku hizi ni wasumbufu. Akaomba simu. Akaitazama picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huu mkufu ni wa nani?"

"Ni wako, Yeyo."

"Si wangu. Kazi yangu naijua. Umemuuzia yule mtoto kitu ambacho sijakitengeneza, halafu unasema yeye ndiye msumbufu."

Niliona aibu, mwanangu, nikashindwa hata kuinua uso. Yeyo akatoa shanga nyekundu akaanza upya, nami nikawa namchambulia. Shamba tulilisahau siku mbili.

Asubuhi ya Jumatano, mlima ukiwa bado umejifunika wingu, nikazitoa safu za mwanzo nje mlangoni. Mwanga wa saa ile ni mtulivu, hauna kivuli kikali. Nikafuta kioo cha kamera kwa pindo la kanga, maana kilikuwa na mafuta ya kupikia, nikatandika blanketi la kijivu. Nikamwomba Yeyo azishike. Akakataa, eti mikono yake ni ya jembe, vidole vimepasuka. Nikambembeleza; bila mkono mteja atajuaje ukubwa? Akakubali. Rangi sikuigusa. Nikaituma picha, nikamwomba yule binti ailinganishe na nguo yake. Akajibu kwamba zinaendana.

Alhamisi mkufu ukapanda basi. Jumapili ikaingia picha ya yule binti akiwa ukumbini, anacheka, na picha yenyewe imetikisika kidogo. Nikampa Yeyo simu. Akaangalia, akatabasamu.

"Huu ni wangu," akasema.

Sasa wewe umeanza kuuza kandambili zako za shanga hapo Moshono, na nimeona unazipiga picha chini ya taa ya duka. Toka nje asubuhi, au kaa kivulini jua likiwa kali. Tandika kitu kisicho na maua. Piga karibu, mshono uonekane, kisha ugeuze soli nayo ionekane, na upige picha nyingine mtu akiwa amezivaa. Palipo na kasoro usipafiche kwa kidole. Rangi za simu ziache kama zilivyo. Na picha uliyopiga mwonyeshe kwanza fundi wako aliyetunga. Akikuuliza ni za nani, futa upige tena.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila anayefungua mzigo wako akute kilekile alichokiona.